Nyusi za Laku

Kaka yangu Laku hakuwa mtu wa maneno mengi hata kabla ya kiharusi kumfunga mdomo. Ukimuuliza kama ameshiba, anainua nyusi. Ukimuuliza kama lori limefika salama kutoka Nimule, anainua nyusi na kuendelea na kazi yake. Kwetu sisi Wakuku, na kule Uganda tulikokimbilia vita tukiwa wadogo, hiyo ni ndiyo kamili, haihitaji kuongezewa neno. Hakuna anayemkalisha mtoto chini amfundishe. Anatukuta tunafanya hivyo, naye anafanya.

Naliweka jambo hilo mwanzoni kabisa kwa sababu nimechoka kukatizwa katikati na watu wanaouliza, "Nyusi? Nyusi gani?" Sasa mmeshajua, tuendelee.

Mimi ni Goretti. Niliishi Kitale miaka mingi nikiuza mitumba na kufundisha watoto katekisimu, na Kiswahili ninachoandika nilikipata huko. Ninachoongea ni kingine. Mdomo wangu umerudi Juba zamani na umeharibika kwa raha zake. Lilly, mtoto wa pekee wa Laku, alisoma sekondari akikaa nyumbani kwangu Kitale, ndiyo maana mimi na yeye lugha yetu ni Kiswahili mpaka leo. Mama yake alipofariki, nilirudi nikahamia kwa kaka yangu hapa Lemon Gaba, mtaa wa Juba. Nyumba haiwezi kuachiwa mwanamume mmoja na sufuria zisizosuguliwa.

Lilly alikuwa ameshaondoka kwenda Uholanzi kusomea udaktari, ule usiotibu mtu. Utafiti wake ulikuwa kuifundisha mashine itazame uso wa mgonjwa asiyeweza kusema, ijue anataka nini, kisha imhudumie. Aliniambia elimu hiyo inaitwa kuona kwa kompyuta.

"Kwani siku zote hizi kompyuta ilikuwa kipofu?" nilimuuliza kwenye simu.

"Ilikuwa kipofu, Shangazi. Sasa tunaifumbua macho."

Tulicheka sana. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu baada yake hatukucheka tena pamoja kwa muda mrefu.

Laku alianguka akiwa dukani kwake Sherikat, kule karibu na daraja alikokuwa akiuza vipuri vya malori. Wachukuzi walimleta nyumbani kutoka hospitali akiwa upande mmoja haupo. Mkono hauinuki, shingo haigeuki vizuri, mdomo umekwenda pembeni na ulimi umelala. Kilichobaki ni macho na paji la uso. Daktari alisema huenda hata akili imeguswa, kwa sababu alipomwambia afunge macho mara mbili akitaka kukubali, Laku alimkodolea tu. Mimi nilimwambia daktari hamjui Laku. Ameendesha malori maisha yake yote, hajawahi kuambiwa na mtu namna ya kukubali.

Lilly alitaka kurudi siku hiyo hiyo. Lakini alikuwa katikati ya majaribio, na kule ukiondoka katikati nafasi yako anapewa mwingine. Halafu alimwogopa baba yake. Alipokuwa mdogo, akisoma bweni Adjumani, aliwahi kutoroka shule kuja kumwona baba aliyekuwa na malaria. Laku aliinuka kitandani na homa yake, akamtazama akiwa ameshangaa kabisa, akamuuliza, "Umefuata nini?" Jioni haijafika, mtoto alikuwa amesharudishwa shuleni. Lilly alipenda kutusimulia kisa hicho huku akimuiga baba yake, na Laku mwenyewe akikaa pembeni anatabasamu. Kumbe kilikuwa kimemkaa moyoni vibaya.

Kwa hiyo hakuja. Alimtuma Mgeni.

Mgeni ndilo jina tulilompa. Aliletwa na Jepchirchir, binti Mkenya anayefundisha mambo ya kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini na kushirikiana na Lilly katika utafiti. Alimtoa kwenye maboksi vipande vipande, akamfunga pale karibu na kitanda cha Laku: nguzo yenye miguu mitatu, kioo kidogo cha kuonyesha maandishi, jicho moja la kamera, na mkono mmoja mwembamba ulioshika kikombe chenye mrija. Nilimwita Mgeni kwa sababu alikuwa na adabu za mgeni, kusimama pembeni na kungoja kuulizwa, na tena ilibidi apewe umeme wa sola kabla yetu sote.

"Anti, huyu hana shida," Jepchirchir alinihakikishia. "Anauliza swali, anaangalia sura ya mzee, anaelewa. Akiona amekubali, anampelekea maji. Akiona ameshtuka au ameogopa, anarudisha mkono haraka asimwumize."

"Na Lilly? Yeye iko wapi kwa hii maneno?"

"Lilly anapata kila kitu huko aliko. Anaona majibu yote."

Anaona majibu yote. Mimi nikashika hilo. Kumbe mtandao wetu wa Lemon Gaba hauwezi kubeba picha; unabeba maneno, tena siku ukiwa na moyo mzuri. Picha zote zilibaki tumboni mwa Mgeni. Kilichovuka bahari kilikuwa neno moja moja: amekubali, amekataa, anaumwa, ameshangaa. Hilo hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtu haulizi kitu anachodhani anakijua. Niliona taa nyekundu imewaka juu ya lile jicho, nikajua Lilly yuko upande wa pili anatutazama. Nikawa najifunga kitambaa changu vizuri kabla ya kuingia chumbani. Nilikuwa hata nikimpungia mkono. Siku moja nilimwinulia sahani ya kombo, mboga yetu ya majani, mbele ya kamera, aone nimeipika kwa karanga kama anavyopenda.

Sauti ya Mgeni ilikuwa ya Lilly mwenyewe. Alijirekodi akiuliza maswali kwa Kikuku, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili: Baba, una kiu? Baba, unaumwa? Baba, wakugeuze? Mara ya kwanza Laku alipoisikia sauti ile ikitoka kwenye nguzo, machozi yalimtoka upande mmoja. Nilimfuta. Nilimfuta na mimi nikilia, sioni aibu kusema.

Kisha vikaanza vituko vya kikombe. "Baba, una kiu?" Laku anainua nyusi. Mkono uliokuwa umeanza kusogea unasimama, unatetemeka kidogo, unarudi nyuma na maji yake. Baada ya muda tena: "Baba, una kiu?" Nyusi juu. Mkono nyuma. Nilisimama mlangoni nikitazama mashine ikimnyima kaka yangu maji huku ikimuuliza kwa sauti ya mtoto wake kama anayataka. Nilikichukua kile kikombe nikamnywesha mwenyewe kwa kijiko.

Jepchirchir alipokuja Ijumaa nilimpa yote. "Hii mashine yenu iko bakhili. Mzee anasema ndiyo, yeye anakimbia na maji."

"Pole, Anti. Itakuwa ni mkono. Nitamwambia Lilly apunguze mwendo."

Wakapunguza mwendo. Ikawa Mgeni anamnyima maji polepole.

Nimekuja kujua baadaye kwamba huko Uholanzi walikaa kikao juu ya jambo hilo. Walikuwa na mchoro wa kupanda na kushuka, unaoonyesha mgonjwa wetu ameshangaa asubuhi, ameshangaa mchana, ameshangaa jioni. Profesa wa Lilly akasema ni kawaida, watu wa mazingira yale hawajazoea mashine, mshangao utapungua taratibu. Mtu aliyefungua injini za malori kwa mikono yake na kuzifunga tena, gizani, barabarani, ashangazwe na nguzo ya kushikia kikombe! Nikimpata profesa huyo nitamkaribisha chai, halafu nimwambie ninachofikiri.

Lakini kikombe kilikuwa shida ndogo. Mimi nipo, kijiko kipo, maji alikunywa. Kubwa lilikuwa swali la Jumapili.

Nilikuwa nimetoka misa, sijavua hata viatu vya kanisani. Mgeni akawasha taa yake nyekundu, na sauti ya Lilly ikasema, "Baba, nije?"

Hivyo tu. Nije. Nikasimama hapo hapo na mkoba wangu mkononi. Laku alilitazama lile jicho. Akavuta pumzi, nyusi zikapanda juu kabisa, paji la uso likajikunja kama kitambaa kilichofuliwa. Sijawahi kumwona kaka yangu akikubali jambo kwa nguvu zile. Hata siku alipoulizwa na padre kama anamchukua mama yake Lilly kuwa mke wake hakuziinua hivyo. Ilibidi padre amwombe aseme kwa mdomo.

Nikapiga vigelegele. Nikaisogelea kamera, nikapunga mkono, nikasema, "Umeona, yaa Lilly? Baba amesema! Njoo!" Mgeni hana masikio, hilo pia sikulijua.

Wiki ikapita, Lilly hajasema anakuja lini. Jumapili iliyofuata, swali lile lile. "Baba, nije?" Nyusi juu. Na iliyofuata. Nilianza kuudhika. Mtu anamuuliza mgonjwa kama aje, mgonjwa anasema njoo, halafu anangoja Jumapili nyingine amuulize tena? Ni mchezo gani huo? Sikutaka kumwingilia. Kwetu mtu mzima akishatoa jibu lake mbele ya mtoto wake, mimi dada mtu sina kazi ya kulirudia kama mkalimani. Nilivumilia, lakini uvumilivu wangu si mrefu, kila mtu anajua.

Siku alipopiga simu nilimuuliza waziwazi. Sauti ilikuwa inakatika, nikatoka uani na kusimama karibu na tangi la maji ambako mtandao hushika.

"Shangazi, baba anaendeleaje?"

"Iko. Anakula uji. Lakini wewe, ile swali unamuuliza Jumapili, si anakujibu?"

"Ananijibu, Shangazi. Nimeona."

"Umeona?"

"Nimeona. Kila Jumapili jibu lake ni lile lile. Ndiyo maana nimeamua kutulia hapa, nimalize." Nilisikia kama anavuta kamasi. "Si unamjua baba."

Ameona. Ameona baba yake akikunja paji lake lote kumwita, Jumapili baada ya Jumapili, na ameamua kutulia. Nilitaka kumtukana tusi ambalo katekista hapaswi kulijua. Nikasema, "Khalas," nikakata simu.

Tangu hapo nikawa namjibu kwa mkato. Akipiga, mzee mzima, anakula, analala, haya kwaheri. Sikumwambia kwamba Laku anakonda. Kama anaona kila kitu, basi aone na hilo.

Laku naye akaanza kungoja. Geti letu ni la bati, likisukumwa linapiga kelele mpaka nyumba ya tatu. Kila likilia, macho yake yalikimbilia dirishani, na shingo ile isiyogeuka ikajaribu kugeuka. Ilinitesa kumwona. Nikamwita jirani yangu Namutebi, tukageuza kitanda kizima kikatazama geti. Namutebi aliniuliza kwa Kiswahili chake, "Mutoto iko nakuja kweli?" Nikamwambia anakuja. Na Laku nilimwambia hivyo kila siku. Yuko njiani, Laku. Anafunga mizigo. Ndege zimejaa. Nilimdanganya kwa jina la mtoto niliyekuwa nimemkasirikia, na kila nilipodanganya hasira yangu kwake iliongezeka.

Mvua zilipoanza kifua kilimbana. Asubuhi ile lori la maji lilikuja, geti likalia, macho ya Laku yakaruka.

"Siyo yeye," nikamwambia. "Ni maji tu."

Akayarudisha macho kwangu. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na uongo mpya. Nikakaa kitandani, nikamshika mkono ule uliokufa, nikamuuliza, "Laku, bado unamngoja?"

Akainua nyusi. Zikakaa juu muda mrefu kuliko kawaida yake, kana kwamba aliogopa nisione. Kabla jua halijafika katikati alikuwa amekwenda, uso ukiwa umeelekea getini.

Tulimzika uani, kando ya mke wake. Lilly alifika udongo ukiwa bado mbichi. Turubai la bika, matanga yetu, lilikuwa limefungwa, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, chai ikizunguka. Geti likalia, akaingia na koti la baridi mkononi, amevimba macho, akaanguka pale pale kwenye matope akimwita baba yake. Wanawake walinyanyuka kumpokea. Walinitazama mimi, dada wa marehemu, wakisubiri niende nimkumbatie tulie pamoja, kama desturi inavyotaka. Sikuinuka.

Aliponifikia nilimpa mkono tu. "Umefika," nikasema. "Pole na kazi."

Alinitazama kama mtu aliyechapwa kofi na asiyejua kosa lake. Nami moyoni nikasema, analijua vizuri sana.

Kesho yake mchana Jepchirchir alikuja kutoa pole na kumfungua Mgeni amrudishe chuoni. Lilly alikuwa amekaa chumbani, kwenye kitanda kitupu cha baba yake, hafanyi kitu. Nilichukua sahani ya asida, ugali wetu, na bamia nikampelekea, kwa sababu hata mtu uliyemkasirikia akija kwenye bika analishwa.

"Umekula?" nikamuuliza kutoka mlangoni, kwa sauti niliyoifanya kavu makusudi.

Lilly aliinua nyusi. Nikageuka na sahani yangu kurudi jikoni, maana kama amekula, amekula.

"Lilly," Jepchirchir akasema, bado ameinama kwenye nyaya zake, "mbona unashangaa? Anti ameuliza tu kama umekula."

"Sijashangaa. Nimejibu."

"Umejibu saa ngapi? Sijasikia kitu."

"Nimesema ndi..."

Hakumalizia. Nikageuka kuona kulikoni. Lilly alikuwa ameinua mkono polepole, ameweka vidole viwili juu ya nyusi zake, kama mtu anayepapasa jeraha ambalo hakujua analo. Jepchirchir alimtazama, akanitazama mimi.

"Yaani hiyo ni ndiyo?" akauliza. "Wanafunzi wangu hunifanyia hivyo kila siku. Nikiwauliza kama wameelewa. Mimi hudhani nimewashtua."

"Washa," Lilly akasema. "Mwashe. Nionyeshe Jumapili."

"Lilly, labda si sasa."

"Mwashe, Chirchir!"

Mgeni akawaka. Jepchirchir alibonyeza-bonyeza, na Laku akatokea kwenye kile kioo kidogo, kwenye kitanda hicho hicho, akiwa bado na nyama mashavuni. Sauti ya Lilly ikatoka: Baba, nije? Na kaka yangu akainua nyusi zake kwa nguvu zake zote. Chini ya picha yakaandikwa maandishi meupe: ameshangaa. Jumapili nyingine. Baba, nije? Nyusi. Ameshangaa. Nyingine. Ameshangaa.

Sikuelewa alichokuwa akikitafuta. Hasira yangu ilikuwa bado hai, ikanisemea. "Sasa unatazama nini? Si ulisema umeona?"

"Niliona neno, Shangazi." Hakugeuka. "Neno tu. Picha hazikupita. Uso wa baba sijauona tangu nilipoondoka, huu ndio nauona sasa hivi." Sauti yake ikaanza kupanda. "Imeandika ameshangaa, nikajua ananishangaa kama ile siku ya malaria. Nilimsikia kabisa. Umefuata nini? Kila Jumapili nilimuuliza, na kila Jumapili nikamsikia akiniambia umefuata nini!"

Sahani ilinitoka mkononi. Asida ikamwagika mpaka kwenye miguu ya Mgeni na hakuna aliyejali.

"Niliifundisha mimi," Lilly akasema. "Niliifundisha kwa nyuso za watu wa huko. Nyuso nyingi, nyingi, na nyusi zikipanda wao wameshangaa. Mimi mwenyewe naziinua, kumbe, na sikuwahi kujua kwamba naziinua. Nani hujua? Nilifikiria kichwa, nilifikiria macho, nilifikiria mdomo..."

Kwenye kioo picha ziliendelea. Sasa nilikuwemo mimi, nimejifunga kitambaa changu cha Jumapili, nasogea karibu mpaka uso unajaa kioo chote, nacheka, napunga mkono. Halafu nimeinua sahani. Halafu napunga tena.

"Ulikuwa unampungia nani mkono, Shangazi?"

"Wewe," nikasema.

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti mpaka wanawake wa nje wakapokea kilio bila kujua tunachokililia. Nilimkalia mtoto wangu hasira miezi mizima kwa kitu ambacho hakukiona, na yeye akakaa ugenini akiamini baba yake hamtaki. Na katikati yetu Laku, na jibu lake usoni, kila mtu aliye karibu akilisoma bila shida. Namutebi angelisoma. Mwuza maji angelisoma. Natafuta wa kumlaumu mpaka leo, na kila ninayemshika ananiponyoka mkononi, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajaribu kumhudumia.

Jepchirchir alizima picha. Akatoka nje taratibu, akatuachia mlango umerudishwa.

Tulikaa kwenye kitanda, mimi na Lilly, tukitazama kilikotazama: geti la bati, matope, viti vya watu. Aliiona namna kitanda kilivyogeuzwa. Lilly si mjinga. Alipokiacha kilikuwa kimeelekea ukutani.

"Kiligeuzwa lini?" akauliza.

"Zamani kidogo. Mimi na Namutebi."

Nilijua swali linakuja na nilianza kutayarisha uongo. Ningemwambia kwamba mwishoni akili ilikuwa imempotea. Ningemwambia kwamba alisahau, alilala usingizi mtamu, hakumtaja mtu. Kudanganya kwa upole nilikuwa nimekuzoea, nilikuwa nimekufanyia mazoezi kwa Laku kila siku.

"Shangazi." Alinishika kidevu na kunigeuzia uso wangu kwake, kama vile mimi nilivyokuwa nikimfanyia akiwa mtoto na nataka ukweli. "Mpaka mwisho, alikuwa ananingoja?"

Nilifungua mdomo. Uongo haukutoka, na ukweli haukutoka. Yeye akanitazama usoni, akingoja, hakupepesa macho.

Nikainua nyusi.

"Nimeona, Shangazi," akasema.